Ukigonga ng'ombe wa mtu barabarani usikimbilie kulipa, uliza kwanza nani alikuwa naye

Kwenye barabara zetu kuna sheria moja haijaandikwa popote ila kila dereva anaijua: ukigonga ng'ombe, lipa ng'ombe uondoke. Ukibishana watu wanajaa, giza linaingia, gari lina mzigo, mwisho wa siku utalipa tu. Nimeisikia hiyo toka nianze biashara ya mahindi na sijawahi kukutana na dereva anayeihoji, mpaka ilipotufika sisi wenyewe na nikaanza kufuatilia, polisi, kijijini, bima, mpaka kwa wakili. Naandika kwa urefu kidogo maana naona watu wanalipa hela ambazo hawadaiwi, na wengine wameumia kabisa wako nyumbani wamekaa kimya wakati kuna mtu alitakiwa kuwajibika.

Mimi nanunua mahindi soko la Kibaigwa nashusha Morogoro na Dar. Canter ni yangu, anaendesha mdogo wangu, na siku hiyo nilikuwa nimekaa naye mbele pamoja na kijana wetu wa kupakia. Tulitoka jioni, jua liko nyuma yetu, barabara inaonekana vizuri tu. Kabla ya kufika Gairo kuna sehemu barabara inashuka kidogo na mkono wa kushoto kuna vichaka vimeota mpaka karibu na lami, hapo ndipo ng'ombe walipotokea. Wa kwanza walishavuka, mdogo wangu akaanza kupunguza mwendo akisubiri wamalize, nyuma nikamuona mtoto na fimbo anawakimbiza ili wawahi, sasa mmoja katikati akageuka akarudi alikotoka. Wanaoendesha barabara zenye mifugo wanajua hiki kitu, ng'ombe anayevuka moja kwa moja unaweza kumkadiria, anayegeuka huwezi. Breki zilikanyagwa, gari likaburuta, mzigo ukasukuma, tukampiga ubavuni.

Kioo cha mbele kikamwagika chote ndani. Bampa likaingia, taa ya kushoto ikapotea, rejeta ikaanza kuvuja maji ya moto chini, magunia ya juu yakadondoka mawili yakapasuka mahindi yakatapakaa kwenye lami. Kijana wetu alichanika mkono kuanzia kiwiko kushuka, damu nyingi, nilifunga na khanga. Ng'ombe alikuwa chini anajaribu kuinua shingo. Jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, na sikioni ana ile hereni ya plastiki yenye namba. Sijui ni nini kilinituma ila nilitoa simu nikampiga picha, ya mwili mzima, ya sikio kwa karibu mpaka namba zisomeke, na ya paja maana alikuwa na chapa ya moto. Nikapiga na alama za tairi barabarani, na vile vichaka. Mtoto alikuwa amesimama pembeni analia kwa sauti, nakadiria ana miaka kumi na moja au kumi na mbili hivi, viatu hana.

Zile picha za sikio zilikuja kuwa na maana baada ya muda mfupi tu. Watu walifika haraka sana, wengine na visu, na kabla trafiki hajafika yule ng'ombe alishachinjwa na kuanza kugawanywa pale pale pembezoni mwa barabara, kichwa kikaondoka na mtu sikujua kimeelekea wapi. Namba ikaondoka nayo. Nikauliza jamani huyu ng'ombe ni wa nani, hakuna anayejibu. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, wewe shukuru Mungu mko wazima, hayo mengine yaache." Na mdogo wangu anauliza dada tunalipa nini tuondoke, maana ndo alivyozoea kuona.

Ninachotaka kusema hapa ni kwamba tusingesubiri trafiki, tungekuwa tumemaliza kesi yetu kabla haijaanza. Trafiki alikuja akapima alama za breki, akachora mchoro, akauliza mwendo, akaandika mahali tulipo kwamba hapakuwa na kibao cha mifugo wala kibao cha 50, akatupa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ya kijana wetu tukampeleka kituo cha afya akashonwa. Gari likavutwa hadi kituoni likakaguliwe. Usiku huo ng'ombe hakuwa na mwenyewe.

Asubuhi mwenyewe akapatikana. Alikuja kituoni amevaa vizuri, mzee wa heshima zake, amesikia kuna gari limeshikiliwa na mwenye gari yupo. Akaja kudai milioni moja na laki mbili ya ng'ombe wake. Akaandikisha maelezo kabisa, kwamba yeye ndiye mmiliki, kwamba kijana wake alikuwa anavusha mifugo kutoka majini kurudi nyumbani vizuri tu kama siku zote, na dereva ndiye alikuwa anakimbiza gari. Akaweka dole gumba. Nami nikamuamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba, tukakaa benchi moja, akaniambia mwanangu mimi sina ubaya na wewe, nilipe ng'ombe wangu mambo yaishe. Nikamuuliza na nyama, mzee? Akasema nyama watu walikula. Baadaye nikaja kujua sehemu kubwa iliuzwa na hela alipata yeye.

Kumbukeni hayo maelezo aliyoyaandika, nitayarudia, maana kesi nzima ilisimama juu yake.

Kabla sijafika huko niseme la bima. Canter ilikuwa na bima ndogo kama gari nyingi za biashara zilivyo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inachokulazimisha ni kumkinga mtu mwingine anayekufa au kuumia kwa sababu ya gari lako, na bima ndogo nyingi zinaongeza kulipa mali ya huyo mtu mwingine kama wewe ndiye mwenye kosa. Gari lako mwenyewe haimo. Kwahiyo kioo, bampa, rejeta, taa, kunyoosha kabini, vyote ni mfukoni kwangu, fundi aliniandikia vikafika milioni tatu na laki nane pamoja na kuvuta gari. Shemeji yangu mwenye pikapu alishapata ajali ya punda akiwa na bima kubwa, yeye alitengenezewa, akakatwa kile kiasi ambacho mwenye gari unabeba mwenyewe, basi. Ila hata huko kampuni ikishakulipa inavaa viatu vyako, ina haki ya kumfuata mwenye mnyama ikadai, kwahiyo na wao watakuuliza ushahidi wa mnyama ni wa nani. Na ukiona kampuni inakuzungusha, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inasikiliza malalamiko ya wateja, watu wengi hawaijui.

Wengi waliniambia nikimbizane na nini, mnyama akigongwa dereva ndo analipa, si unaona Mikumi. Nadhani hapo ndipo akili za watu zilipochanganyikiwa. Mikumi ni hifadhi, barabara inakatiza ndani kama kilometa 50, mwendo umewekwa na vibao, wanyama ni wa serikali na ukigonga unatozwa kwa sheria za hifadhi. Ng'ombe wa mtu ni mali ya mtu, kama gari langu lilivyo mali yangu. Swali ni nani alizembea. Inaweza kuwa dereva, inaweza kuwa mchungaji, na mara nyingi ni wote wawili na mahakama inaweza kugawa lawama, huyu asilimia kadhaa na huyu kadhaa. Hakuna mahali sheria ya nchi inasema mnyama barabarani ana haki zaidi ya gari. Wala gari halina haki zaidi ya mnyama, hilo nalo madereva wenzangu tukubali, basi linatakiwa lisizidi 80 na kwenye makazi ni 50, unayepita kijijini na 100 ukakuta mbuzi usije ukaniambia mwenye mbuzi ndo mzembe.

Basi nikaenda kwa wakili Morogoro. Nilidhani ataniambia tu fungua kesi. Hakusema hivyo. Swali lake la kwanza lilikuwa, hawa ng'ombe walikuwa wanazurura au walikuwa wanaswagwa? Nikamwambia kuna tofauti gani, ng'ombe si ng'ombe tu. Akatulia akanieleza, na hapa ndipo nilipojua kwamba hili jambo lina mizizi mirefu kuliko nilivyofikiri.

Sisi tulirithi sheria za Waingereza. Kuna sheria yetu inayohusu matumizi ya sheria, Sura 358, mawakili wanaiita JALA, inasema pale ambapo hatuna sheria yetu mahakama inatumia sheria ya mazoea ya Uingereza na kanuni zao za haki kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Sasa Uingereza ya wakati huo ilikuwa na msimamo wa ajabu kidogo kuhusu mifugo: mwenye ardhi iliyopakana na barabara hakuwa na wajibu wa kuzuia mifugo yake ya kawaida isitoke ikaingia barabarani. Kuna kesi ya 1916, Heath's Garage v Hodges, kondoo walikuwa wanazurura barabarani, gari likaharibika, mwenye kondoo hakuwajibika. Mwaka 1947 mahakama yao ya juu kabisa ikarudia vile vile kwenye Searle v Wallbank, huyo alikuwa mwendesha baiskeli, usiku, akagongana na farasi aliyetoka shambani kupitia uzio mbovu, akakosa fidia. Sababu yao ilikuwa kwamba barabara nyingi zilipita kwenye ardhi isiyo na uzio toka enzi na enzi, na anayepita anajua atakutana na wanyama.

Waingereza wenyewe waliona haifai wakaifuta. Sheria yao ya Wanyama ya 1971, kifungu cha 8, ikasema mwenye mnyama naye atapimwa kwa uzembe kama mtu mwingine yeyote. Ila hiyo ya 1971 ni sheria yao, imekuja baada ya 1920, kwetu haikuingia. Kwahiyo ukifungua kesi hapa ukisema ng'ombe alikuwa anazurura peke yake, wakili wa upande wa pili anaweza kuinuka na hayo mambo ya kondoo wa 1916, na wakili wako itabidi abishane kwamba barabara kuu ya leo yenye malori na mabasi sio njia ya mikokoteni ya Waingereza. Hoja nzuri, mimi naiamini kwa moyo wote. Waliofuta walikuwa na uzio. Sisi hatuna uzio, hatuna taa, na bado tumebaki na kanuni waliyoitupa wao miaka zaidi ya hamsini iliyopita. Bunge letu lingeweza kuandika kifungu kimoja tu na watu wengi wakapata haki zao. Lakini ndo hivyo, unaenda mahakamani na sheria iliyopo.

Sasa ng'ombe anayeswagwa ni habari nyingine. Hata kwa Waingereza hao hao, anayeingiza mifugo barabarani na kuisimamia alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwa watumiaji wengine, ile kinga ilikuwa ya wanyama waliotoka wenyewe. Ukiswaga mifugo kuvuka lami, unatakiwa uangalie gari, uwe na watu wa kutosha, uchague sehemu inayoonekana. Na mwenye mifugo anabeba kosa la mchungaji aliyemtuma, kama ambavyo mimi nabeba kosa la mdogo wangu akiendesha gari langu kwenye kazi yangu.

Wakili akaomba nakala ya maelezo ya mzee pale polisi. Alipoyasoma akatabasamu. Mzee mwenyewe alishaandika kwamba ng'ombe ni wake, na kwamba kijana wake alikuwa anavusha. Alisema hivyo ili adai milioni moja na laki mbili, akidhani ndo anajisaidia. Kumbe vitu viwili vigumu kuliko vyote kwenye kesi za namna hii, mnyama ni wa nani na alikuwa na nani, alishavimaliza yeye kwa dole gumba lake.

Tukaandika barua ya madai, tukampa muda wa kujibu. Jibu lilikuja kupitia kwa mtu aliyemsaidia kuandika, na sasa maelezo yamebadilika: ng'ombe walitoroka zizini, hakuna aliyewaswaga. Nadhani kuna mtu alimshauri. Lakini maelezo ya kwanza yapo polisi, na picha zangu zinaonyesha mtoto amesimama na fimbo, na yule mama anayeuza viazi vitamu pale pembeni ya barabara aliona kila kitu. Yule mama nilirudi kumtafuta mwenyewe, nikakaa naye kwenye kigoda chake, akaniambia, "Mwanangu, mimi ng'ombe wale nawaona kila jioni, na kila jioni moyo unanidunda, siku moja nitaokota yule mtoto." Alikubali kuja kusema popote.

Kuhusu ile hereni: niliwaonyesha picha ofisi ya mifugo ya kata. Toka mwaka 2010 tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, ndo inayosimamia hereni na zile chapa. Wengi wanaziona ni usumbufu wa serikali, wafugaji wanalalamika gharama. Sisi tunaopita barabarani tunatakiwa tuzipende, maana ng'ombe mwenye namba ana mtu nyuma yake. Kwangu haikuhitajika sana kwa vile mzee alijitaja, ila kama angekaa kimya, ile picha ndo ilikuwa tumaini langu pekee. Pigeni picha sikio. Pigeni kabla hamjaangalia bampa.

Suala lililonisumbua kuliko hela lilikuwa la yule mtoto. Kwenye kikao cha kwanza kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti yupo, wazee wapo, mzee akasimama akasema kosa ni la kijana, amezembea, na atamkata ujira wake mpaka ng'ombe aishe kulipwa. Mtoto alikuwepo, amekaa chini nyuma ya mlango. Ujira wenyewe nilikuja kuambiwa ni ndama baada ya kuchunga muda mrefu, hajapewa bado. Nikaona mikono yake inatetemeka. Sikuweza kuvumilia nikaomba nafasi nikasema mbele ya wote kwamba mimi simdai huyu mtoto hata senti na sitaki akatwe kitu kwa ajili ya gari langu.

Na wakili alikuwa ameshaniambia jambo ambalo lilifunga ule mlango kabisa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Unapomkabidhi mtoto wa chini ya hapo kundi la ng'ombe avuke nalo barabara kuu jioni peke yake, ule umri haukupunguzii wewe lawama, unaongeza. Ukisema mtoto alizembea, unaulizwa nani alimweka pale. Mtendaji alivyoelezwa hivyo akamgeukia mzee akasema, "Mzee wangu, hili la mtoto tusiliingize, litatugharimu wote." Wazee wakaguna. Nadhani wengi mle ndani nao mifugo yao inachungwa na watoto.

Kisheria mtoto angeweza hata kutoa ushahidi, Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo akiahidi kusema ukweli na sio uongo. Mimi sikutaka. Atoe ushahidi dhidi ya mtu anayemlisha, halafu jioni arudi kulala wapi? Nikamwambia wakili tutumie mama wa viazi na maelezo ya polisi, kama havitoshi basi tukose. Akaniambia kuna uwezekano wa kukosa kweli, Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai ndiye athibitishe. Sikubadilisha mawazo.

Kuhusu hasara nayo kuna somo. Hela uliyotumia huwezi kusema tu mahakamani nilitumia milioni kadhaa. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye Zuberi Augustino v Anicet Mugabe, 1992, kwamba hasara mahsusi lazima zitajwe wazi na zithibitishwe kikamilifu, na mawakili wanaitaja hiyo kesi kila siku. Maana yake risiti. Fundi wa mtaani aliyekunyooshea kabini kwa laki tano bila karatasi, hiyo laki tano ni kama hukulipa. Mimi nilimng'ang'ania fundi aandike, nikanunua kioo na rejeta duka lenye risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, hata kama mtaa wa pili ilikuwa rahisi, na yale mahindi yaliyomwagika nilikuwa na karatasi ya ushuru wa soko inayoonyesha idadi ya magunia. Siku ambazo gari lililala bila kazi ndo zilinishinda kuthibitisha vizuri, maana biashara yetu hii maelewano mengi ni ya mdomo.

Mwisho tulimalizana kwa mtendaji bila kwenda mahakamani. Mzee alifuta dai lake la ng'ombe, maana nyama aliuza na hakuweza kulikana hilo mbele ya majirani zake, akakubali kulipa milioni moja na laki sita kwa awamu, kidogo kila akiuza mifugo au alizeti. Mimi nilibeba iliyobaki. Kuna ndugu waliniambia nimedhulumiwa, ningeenda kortini ningepata zote. Sidhani. Mdogo wangu naye angeulizwa mwendo, mzigo, umbali alioanzia kukanyaga breki, na inawezekana kabisa tungegawiwa lawama, kisha gharama za wakili na nauli za mashahidi. Makubaliano tuliyaandika, kila mtu akasaini, mashahidi wakasaini, muhuri wa kijiji ukapigwa, na tuliandika mstari kwamba ujira wa mchungaji hautaguswa. Huo mstari nililazimisha mimi na mwenyekiti akaniunga mkono.

Kuna mwanamke jirani yangu Morogoro alivyosikia habari hizi alikuja nyumbani. Mume wake alikuwa bodaboda, usiku aligonga punda barabarani akavunjika mguu vibaya, mpaka leo hatembei sawasawa, pikipiki haikuwa na bima kubwa wala kitu. Punda wa nani? Watu wa pale walimjua mwenyewe, kila mtu alimjua, hakuna aliyeandika. Hawakwenda polisi kwa kuwa walikuwa wanahangaika na hospitali. Aliponiuliza kama bado anaweza kudai nikamuuliza ilikuwa lini, akahesabu, imepita miaka minne. Kwa madai ya uzembe kama haya Sheria ya Ukomo, Sura 89, inakupa miaka 3 toka siku ya tukio. Nilimwambia aende kwenye msaada wa kisheria aulize kama kuna njia ya kuomba kuongezewa muda ila nilijua ni vigumu, na nilijisikia vibaya sana kumwambia, maana yeye ameumizwa kuliko mimi mara kumi, mimi nililia rejeta, yeye mume wake amelala ndani na watoto wanne. Yule punda alikuwa anazurura, hakuna aliyekuwa naye, kwahiyo hata wangewahi, wangekutana na ile hoja ya kondoo wa 1916. Hapo ndo naona lile pengo la sheria linavyoumiza watu halisi. Aliyevunjika mguu kwa punda aliyeachiwa usiku anakuwa na haki ndogo kuliko mimi niliyevunjiwa kioo na ng'ombe aliyekuwa na mchungaji, wakati anayeachia mnyama usiku bila mtu ndiye mzembe zaidi. Mimi siwezi kuelewa hilo na sitaki kulizoea.

Kwahiyo sasa hivi jambo ninalofuatilia ni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, zinapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Pale kijijini tulipomalizia kesi yule mwenyekiti alichukua hili jambo kwa uzito, wakaitisha mkutano, nami nikaalikwa nikaenda. Rasimu waliyonayo inataja sehemu mbili za kuvushia mifugo, mbali na ule mteremko wa vichaka, inataka mtu mzima awepo kila kundi linapovuka lami, na faini kwa mnyama atakayekutwa ndani ya hifadhi ya barabara usiku, zile mita 30 kila upande kutoka katikati. Wafugaji walipinga faini, wakasema na wao madereva wapunguze mwendo, na tuta liwekwe. Niliwaunga mkono kwenye tuta kwa nguvu zote, na nimesaini barua yao kwenda kwa wahusika wa barabara.

Kipengele cha umri wa mchungaji kiliwekwa kikaondolewa, wakasema wakikiweka hakuna atakayechunga maana watu wazima wako mashambani. Mkutano unaofuata nitarudi na yule mama wa viazi, amesema atakisemea yeye mwenyewe.